Dalali kala pweza wangu, halafu ananiuliza "nani kakwambia mimi dalali wako?"

Mzee wa Chuno (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, ingawa leo salaam yenyewe inanitoka kwa meno. Mods msiuhamishe huu uzi. Nimetoka ofisi ya serikali ya mtaa sasa hivi na naandika nikiwa kwenye bajaji, mikono inatetemeka.

Yule dalali. Mnamjua. Simtaji, maana ukishatafuta hata chumba cha kupanga Mtwara hii umeshakutana naye: mkoba kwapani, funguo nyingi kama askari magereza, na kila nyumba kwake iko "dakika tano tu kutoka lami". Huyo huyo.

Wiki tatu ananizungusha. Shangani, Ligula, Magomeni, mpaka Mikindani kuona nyumba ambayo popo ndio wenye mkataba. Kila safari elfu kumi ya kuonyeshwa, bajaji juu yangu, soda juu yangu, vocha juu yangu. Nikasema sawa, huyu mtu wangu, ananihangaikia. Tukapata nyumba Chuno, vyumba vitatu, muuzaji anataka milioni 42. Nikamvuta dalali pembeni, nikamnong'oneza mpaka mdomo ukagusa sikio: "Naanza na 32. Mwisho wangu kabisa 38. Usimwambie."

USIMWAMBIE.

Leo asubuhi nikampitisha Feri, supu ya pweza bakuli mbili na chapati nne, apate nguvu ya kunipigania. Tumekaa kwa mwenyekiti. Nikatamka 32, muuzaji akacheka. 34, akatazama dari. Nikafika 35, akaniambia kwa upole kabisa, kama ananisomea salio: "Kijana, si una 38? Toa tukawahi Ijumaa."

Nikamgeukia dalali. Anachokonoa meno. Pweza WANGU ndiye anayechokonolewa. Nikamwambia, wewe si dalali wangu, mbona umeniuza? Akajibu mbele ya mwenyekiti, mtendaji na mashahidi wangu wawili:

"Kwani nani kakwambia mimi dalali wako?"

Wakuu! Kijiti mdomoni! Mwenyekiti akainama kutafuta mhuri, na mhuri anao mkononi.

Na bado anadai asilimia kumi kwangu, milioni 3 na laki 8, wakati kwa muuzaji keshakubaliana yake. Yaani kwenye bei si dalali wangu, kwenye malipo ni dalali wangu. Nani kakwambia mimi dalali wako. Chapati nne!

Korosho Ghafi

Umepigwa na kitu kizito. Mkuu, mwisho wako unamwambia dalali? Mimi mwisho wangu hata mke wangu hajui.

Binti Ndanda

Chapati nne mtu mmoja? Hapo ndipo ungestuka.

Wakili Msomi Kiasi

Tuweke sawa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Uwakala hauhitaji karatasi, maneno na mwenendo vinatosha. Ukimtuma akakubali, ukamlipa wa kuonyeshwa, una hoja kwamba ni wakala wako. Na wakala aliyefanya uovu katika kazi aliyotumwa hapati ujira wa kazi hiyo. Tatizo lako ni ushahidi, ulinong'ona. Halafu nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971. Mke wa muuzaji amesaini?

Mzee wa Chuno

Mke hana shida, mke kaniletea na maji ya kunywa! Shida ni mtu kuniuliza nani kakwambia mimi dalali wako huku kidevu kinang'aa mchuzi!

Mmakonde wa Houston

Huku Marekani haya yalishapita. Tangu Agosti 2024, wakala wa mnunuzi hakuonyeshi hata choo kabla hamjaandikiana, na humo mmetaja malipo yake. Na yapo majimbo kama Florida ambako mmoja hawezi kuwa wakala kamili wa pande zote mbili. Nyumbani hatujiongezi.

Korosho Ghafi

Mjomba, ulituma lini mara ya mwisho hela ya palizi? Mama yako anakuulizia.

Lindi Moja

Nyie Mtwara mna nafuu. Huku Lindi kiwanja chenye mbigili tupu unatajiwa bei ya mradi wa gesi wa Likong'o. Mwenye kiwanja anakuonyesha kidole baharini, eti "wazungu watapanga pale". Na dalali wa huku hachukui asilimia, anachukua cha juu. Mwenye nyumba kasema 20, wewe unaambiwa 28, na hamruhusiwi kukutana mpaka siku ya kusaini.

Binti Ndanda

Cha juu si kitu. Mwenye nyumba wangu anataka kodi ya mwaka mzima, halafu choo tunachangia na kuku wake.

Mgeni2291

Mleta uzi awe mkweli. Dalali anatumwa na mwenye mali, hiyo ndiyo mila ya kazi. Wewe ulikuwa mteja tu. Na pweza mwenyewe alikuwa mgumu.

Mzee wa Chuno

WEWE!!! Pweza ulijuaje alikuwa mgumu??

Korosho Ghafi

Hahahaaa niko pale nimekaa.

Binti Ndanda

Ila kweli pweza wa Feri siku hizi ni mgumu. Hawampigi. Pweza lazima apigwe kwanza ndipo aingie chunguni.

Lindi Moja

Mtwara pweza hawajui. Huku kwetu anapigwa mpaka analegea, hata asiye na meno anakula.

Wakili Msomi Kiasi

Unamchemsha kwa maji yake mwenyewe, huongezi kitu. Chumvi mwisho. Ukiweka chumvi mapema unatafuna kiatu.

Mzee wa Chuno

Jamani mimi ndiye niliyepigwa hapa. Milioni tatu na laki nane nilipe au nisilipe?

Lindi Moja

Na tui unaweka au huweki?

Kijana wa Nachingwea

Samahani wakuu, nimesoma yote. Mgeni2291 angalia PM. Nina kiwanja Mangamba, 20 kwa 30, nauza. Kama unaweza kujua mwisho wa mnunuzi namna hiyo, tuongee.

Mgeni2291

Nimekuona bosi. Kesho saa mbili Feri, njoo mwenyewe.