Tupeane uzoefu: kusafisha na kukausha kiko baada ya kuvuta

Ndugu zangu wavuta kiko, habari zenu.

Nimevuta kiko kwa miaka 11, na katika miaka minne ya mwanzo niliamini kwamba kazi huisha pale majivu yanapomwagwa. Nilikuwa na kiko kimoja tu cha braya, ule mzizi mnene wa mti wa Erica arborea unaoota katika nchi za Mediterania, nami nilikivuta asubuhi na jioni bila kukipumzisha. Kikawa kichungu, kikakoroma kama mtu mwenye mafua, na hatimaye kikaanza kunitemea maji meusi ulimini. Nilibadili tumbaku mara tatu nikidhani kosa ni lake, kumbe kiko chenyewe kilikuwa kimelowa. Tumbaku inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo, ukifika kwenye tundu jembamba la shingo ambalo halina joto kama la bakuli linalotiwa tumbaku, hugeuka matone, ukachanganyika na lami na kunywewa na mti.

Siku hizi nakiacha kipoe kabisa, kisha napitisha waya uliozungushiwa nyuzi za pamba kutoka ncha ya mrija, yaani kile kipande kinachoshikwa mdomoni, hadi kwenye bakuli, narudia kwa waya mwingine hadi utoke mkavu, ndipo nachomoa mrija na kufuta lile tundu la shingo ambamo ulimi wake, yaani ncha yake nyembamba, huingia, kwa maana uchafu mwingi hujificha hapo. Baada ya hapo kiko hupumzika kwa saa 24 au zaidi, na kwa sababu hiyo nililazimika kuwa na viko vitatu. Ninyi wenzangu mnafanyaje? Na mnakiweka bakuli likitazama juu au chini?

Mchangiaji wa kwanza

Neno "kipoe kabisa" ulilolitaja, ndugu, mimi nimelilipia. Nilikuwa na haraka, nikachomoa mrija kiko kikiwa bado cha moto, nikasikia mlio mdogo tu, na kesho yake nikaona ufa mwembamba umetambaa shingoni. Joto na unyevu huutanua mti, ulimi ukabanwa, nami nikaunyonga kwa nguvu badala ya kungoja. Hata usipopasuka, mrija unaochomolewa ungali na joto kila siku huja kulegea. Wanaosalimika ni wenye viko vya pete ya fedha shingoni, ambavyo mrija wake una ncha iliyochongoka na huchomolewa bila kusubiri.

Mchangiaji wa pili

Mimi nizungumzie ukoko, yaani lile tabaka jeusi la kaboni linaloganda ndani ya bakuli. Nilisikia kwamba ukoko hulinda mti usiungue, jambo ambalo ni kweli, basi nikauacha ukue kama vile nafuga kitu cha thamani. Ukafika unene wa milimita tatu hivi, bakuli likawa halimezi hata nusu ya tumbaku ya zamani, na siku moja ukuta ukapasuka, kwa kuwa ukoko mnene hutanuka kwa joto kwa namna tofauti na mti unaouzunguka. Sasa siuruhusu kuzidi milimita moja. Nikishamwaga majivu nazungusha karatasi laini iliyosokotwa ndani ya bakuli, na kisu, ikilazimu, nachukua chenye ncha butu. Kisu chenye ncha kali kiliwahi kunichimbia shimo chini ya bakuli, na ulikuwa ujinga wangu mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Navuta kiko cha gunzi la mahindi. Hukauka upesi na hakidai mengi: pitisha waya, futa, kiache. Ila msikioshe kwa maji mengi, maana gunzi hulainika.

Mchangiaji wa nne

Wenye viko vya mershamu, lile jiwe jeupe laini linalochimbwa Eskişehir nchini Uturuki, wasifuate habari ya ukoko hata kidogo. Jiwe hilo hunywa unyevu lenyewe, halihitaji kinga, na ukoko ukiganda unaweza kulipasua, kwa hiyo mimi hulifuta kila baada ya kuvuta. Pombe ya kusafishia siigusishi, kwa kuwa juu yake pamepakwa nta ya nyuki.

Mchangiaji wa tano

Pombe inahitaji adabu hata kwenye braya. Kiko changu kilishika harufu ya tumbaku yenye manukato, nikajaza bakuli chumvi, nikadondoshea pombe kali na kukiacha usiku kucha. Asubuhi chumvi ilikuwa ya kahawia na harufu imetoka, lakini pombe ilikuwa imefurika ukingoni na kuchubua rangi yote ya mbele. Sasa natumia pamba badala ya chumvi, na nahesabu matone. Mrija wa akriliki siusafishi kwa pombe, maana huweza kuota nyufa ndogondogo. Ule wa ebonaiti, ambao ni mpira mgumu wenye salfa, niliwahi kuuanika dirishani juani ili ukauke haraka. Ukageuka kijani kibichi chenye kahawia, na ladha yake sitaki kuikumbuka. Kivulini penye hewa panatosha.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Niongeze kwamba wenye vichungi vya milimita 9 wavitoe mara tu kiko kipoapo, kwani kichungi kilicholowa kikiachwa ndani hutunza maji yaleyale tunayoyafukuza. Wapo wanaoacha waya wa pamba ndani usiku kucha, lakini mimi siungi mkono, kwa sababu baada ya kulowa huziba njia ya hewa.

Swali la bakuli juu au chini bado halijajibiwa. Wanaolielekeza chini husema lami haitatuama kwenye sakafu ya bakuli; wanaolielekeza juu husema hewa hupita vizuri zaidi. Leo nimeviweka viko vyangu viwili vya umbo moja, kimoja hivi na kingine vile, nami nitavivuta kwa zamu tumbaku ileile kwa wiki mbili kisha nirudi kuwaeleza.