Wasweden na magari ya Kimarekani yasiyo na soko

Wakuu, hivi kwanini Wasweden wanayapenda hivi magari ya zamani ya Marekani, hadi AMC Pacer, kale kagari ka miaka ya 70 ka kampuni ya American Motors (AMC), ambayo huko kwao Marekani ilichekwa?

Mzee wa Gereji: Mapenzi ya siku nyingi hayo mkuu, vijana wa raggare, yaani Wasweden wenye wazimu na magari ya Kimarekani, wapo tangu miaka ya 50, na Power Big Meet ilianzia mji wa Västerås 1978, bonge la mkusanyiko wa magari hayo.

Dada Boneti: Pacer tamu jamani! Vioo vikubwa kila upande, halafu mlango wa abiria umeuzidi wa dereva kama sentimita 10 ili wa siti ya nyuma aingie kiulaini.

Fundi Plagi: Spea je?

Mzee wa Gereji: Za injini zipo, ile silinda sita ya AMC ilifungwa kwenye Jeep kibao, kasheshe ni vioo na taa.