Kuponi na ofa za maduka Marekani: zinamfaa mtu anayepika ugali na maharage?

MamaNeema (Columbus, Ohio)

Habari zenu wapendwa. Nyumbani tuko watu sita, na chakula pamoja na sabuni, nepi na tishu za chooni vinakula kama dola 260 kwa wiki. Kila mtu anasifia kuponi, lakini nikifungua programu ya duka kwenye simu nakuta kuponi za chipsi, soda, aiskrimu na vyakula vya maboksi vya asubuhi. Sisi chakula chetu ni ugali, wali, maharage, kuku na mboga za majani. Je, kuponi zitatusaidia au nitapoteza muda tu? Na zile za karatasi na za kwenye simu, zinaruhusiwa kutumika pamoja? Tuna Kroger, Aldi, Meijer na Walmart karibu.

Karani_wa_Bei

Mama Neema, kuponi nyingi za huku zinatolewa na viwanda, na kiwanda kinatangaza kitu chenye jina lake. Maharage makavu na sukuma wiki havina wa kuvitangaza. Kwa hiyo gawa bajeti mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vya viwandani: sabuni ya kufulia, dawa ya meno, nepi, shampuu, mtindi, mafuta ya kupikia. Huko ndiko kuponi inakofanya kazi. Fungu la pili ni nyama, mboga, mchele na unga, na huko kinachookoa hela ni ofa ya wiki. Ukizichanganya hesabu hizi mbili utaishia kununua chipsi kwa sababu tu zina kuponi.

Sasa kanuni zenyewe. Kuponi ziko za aina mbili, ya kiwanda na ya duka. Ya kiwanda imeandikwa juu kabisa "Manufacturer Coupon", na duka linarudishiwa hela yake na kiwanda. Ya duka ni punguzo la duka lenyewe. Kitu kimoja kinabeba kuponi moja tu ya kiwanda. Duka likiruhusu, unaweza kuongeza juu yake kuponi moja ya duka. Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ya karatasi na ya simu ni aina mbili tofauti. Ile ya kwenye simu mara nyingi nayo ni ya kiwanda, kwa hiyo ukiwa nazo zote mbili kwa dawa ya meno ileile, moja itakataliwa.

Halafu soma maandishi, usiangalie picha. Picha huonyesha bidhaa ya bei ya juu, lakini maandishi yakisema "on any", inafaa kwa yoyote ya chapa hiyo, hata ya bei ndogo. Angalia ukubwa, maana kuponi ya chupa ya aunsi 50 na kuendelea haikubali ya aunsi 46. Ikiandikwa "one per purchase" maana yake ni moja kwa kila kitu unachonunua, kwa hiyo ukiwa na chupa tatu na kuponi tatu zote zinapita. Ikiandikwa "one per transaction", ni moja kwa risiti nzima.

Jambo linalofanya kuponi iwe na maana ni kuisubirisha. Usiitumie siku uliyoipata kama bei bado iko juu. Bidhaa nyingi hurudi kwenye ofa kila baada ya wiki 6 hadi 12, na kuponi nyingi zinaishi wiki kadhaa. Tuseme dawa ya meno ni dola 3.99. Wiki ya ofa inashuka hadi 2.99. Duka likiwa na ile ofa ya kununua vitu 5 kila kimoja kipungue dola 1, inakuwa 1.99. Ukiweka kuponi ya dola 1 unalipa senti 99. Ungeiweka kuponi hiyo siku ya bei kamili ungelipa 2.99. Hapo ndipo ununue za miezi mitatu, basi, usinunue za miaka mitatu.

Kuhusu maduka uliyoyataja: Aldi hawapokei kuponi za viwanda, na bei zao za kila siku ziko chini, kwa hiyo huko nenda na orodha tu. Walmart wanapokea kuponi za viwanda za karatasi. Kroger na Meijer ndiko ofa na kuponi za simu zinakokutana. Kroger, bila kadi au namba ya simu ya uanachama, utalipa ile bei kubwa ya kwenye rafu, na kuponi ya simu usipoibonyeza kabla ya kulipa haihesabiwi.

JikoLaMwambao

Naongezea fungu la pili, maana ndiko hela ya Mama Neema iliko.

Ukurasa wa kwanza wa kipeperushi cha duka ndio wa kuusoma. Vitu vya hapo duka linaviuza kwa faida ndogo sana au hata kwa hasara ili uingie ndani ununue na vingine. Kwa maduka mengi ya vyakula kipeperushi kipya kinaanza Jumatano. Tazama bei ya nyama kwa paundi (gramu 454), usitazame bei ya pakiti. Kuku wa bei ya chini kabisa kwa kawaida ni robo za miguu, zile za mfuko wa paundi 10. Zikiwa kwenye ofa, nunua mifuko miwili, gawa kwa milo, andika tarehe juu ya kila mfuko na ugandishe siku hiyohiyo. Kuku mbichi kwenye friji anakaa siku 1 hadi 2 tu. Kwenye friza ya nyuzi 0 za Fahrenheit vipande vyake vinakaa miezi 9 bila kupoteza ladha, nyama ya kusaga miezi 3 hadi 4. Toa hewa yote kwenye mfuko kabla ya kufunga, la sivyo nyama inakauka na kuota ngozi nyeupe, na ladha inapotea.

Maduka mengi yanabandika stika ya punguzo kwenye nyama iliyokaribia tarehe yake. Muulize mtu wa buchani kwa upole, "mnapunguza bei saa ngapi?" Mara nyingi ni asubuhi mapema. Nyama hiyo haina neno mradi uipike au uigandishe siku hiyohiyo.

Msimu nao ni kalenda yako. Bata mzinga na siagi hushuka bei Novemba kwa ajili ya sikukuu ya Thanksgiving. Siagi inagandishwa vizuri. Bata mzinga uliyemgandisha anahitaji saa 24 ndani ya friji kwa kila paundi 4 hadi 5, kwa hiyo wa paundi 15 umtoe siku tatu au nne kabla. Usimyeyushie mezani.

Unga wa ugali: tafuta mahindi meupe yaliyosagwa, yasiyochanganywa na kitu. Ukiona "self-rising" kwenye mfuko uache hata ukiwa na kuponi, maana una chumvi na hamira ya unga, na ugali wake hauliki. "Masa harina" ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ladha yake ni ya tortila. Mchele, maharage na dengu, linganisha kwanza na duka la Wahindi, la Wamexico au la Waafrika kabla ya kufurahia ofa ya supamaketi.

Na mfuko mkubwa siyo lazima uwe nafuu. Mchele wa paundi 20 kwa dola 15.99 ni senti 80 kwa paundi. Wa paundi 5 kwa dola 4.49 ni senti 90. Lakini wa paundi 5 ukiwa na kuponi ya dola 1 unashuka hadi senti 70. Piga hesabu palepale kwenye rafu.

MamaNeema

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nina mawili yaliyobaki. Kuna kuponi ya simu iliyoandikwa inatumika hadi mara 5. Nilichukua mtindi mmoja, nikarudi kesho yake kuchukua mingine, punguzo likawa halipo. Kwa nini? La pili, kuna familia ya jirani zetu wanaotumia SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula) na WIC (msaada wa vyakula kwa wajawazito na watoto wadogo), wanadhani kuponi haziwahusu. Ni kweli?

Karani_wa_Bei

Hiyo mara 5 ni ndani ya risiti moja. Ukishalipa, hata kama umetumia mara moja tu, kuponi imekufa. Kwa hiyo kuponi za aina hiyo unazitumia siku ambayo uko tayari kuchukua vyote vitano, na unavipitisha kwa keshia kwa pamoja.

Kinyume chake ni "10 kwa dola 10". Hiyo kwa kawaida si lazima ununue kumi. Ukichukua vitatu unalipa dola 3, isipokuwa iandikwe wazi kwamba ni lazima ufikishe idadi. Ofa ya "nunua moja upate moja" inategemea duka. Publix, kwa mfano, katika majimbo mengi wanakutoza nusu bei hata ukichukua moja, lakini Florida lazima uchukue mbili.

Kitu cha ofa kikiwa kimeisha rafuni, usiondoke kimya. Nenda dawati la huduma uombe "rain check", karatasi inayokupa haki ya kukinunua kwa bei ya ofa kitakaporudi. Siyo maduka yote yanatoa, lakini kuuliza ni bure.

Baba_GrandRapids

Salaam Mama Neema. Waambie jirani zako kuponi zinawahusu kabisa. Sheria ya SNAP inalitaka duka limtendee mteja wa EBT (kadi ya kulipia SNAP) sawa na mteja mwingine, kwa hiyo kuponi ya kiwanda inakatwa kwanza, kinachobaki ndicho kinachotoka kwenye kadi. Salio linakaa muda mrefu zaidi. Kwa WIC pia kuponi zinapokelewa. Sabuni, nepi na tishu hazilipiwi na SNAP, kwa hiyo nguvu ya kuponi waielekeze huko ambako wanatoa pesa taslimu.

Waulize pia kuhusu programu za kuongezewa hela ya matunda na mboga kwa wenye SNAP. Double Up Food Bucks ilianzia Detroit mwaka 2009 na sasa iko majimbo mengi. Kwenu Ohio kuna Produce Perks. Unatumia dola ya SNAP kwenye mboga, unapewa dola nyingine ya mboga. Kwa mtu anayekula mchicha na kabichi kila siku, hii inashinda kuponi yoyote ya karatasi.

Kodi: chakula cha kupika nyumbani hakitozwi kodi ya mauzo Ohio wala hapa Michigan, lakini sabuni inatozwa. Nepi za watoto Ohio hazitozwi tangu Oktoba 2023. Kuponi ya kiwanda haipunguzi kodi, unatozwa kwa bei ya kabla ya kuponi. Ya duka inapunguza. Usishangae senti zikizidi.

Na soma risiti kabla hujatoka mlangoni. Ofa inaweza kuwa imeandikwa rafuni lakini mashine haijabadilishiwa bei. Sisi wa Michigan tuna sheria: ukitozwa zaidi ya bei iliyoandikwa, ukawajulisha ndani ya siku 30, unarudishiwa tofauti pamoja na mara kumi ya tofauti hiyo, isiyopungua dola 1 na isiyozidi dola 5. Kwenu haipo hiyo, lakini tofauti yako unaidai palepale dawati la huduma.

Shangazi_Amina

Wanangu mmesema vizuri. Mimi naongeza onyo, kwa sababu vikundi vya WhatsApp vimejaa picha za kuponi za "nepi bure" na "sabuni bure". Kuponi ya kiwanda hainakiliwi wala haichapishwi kutoka kwenye picha uliyotumiwa. Ni jinai. Mwaka 2021 mwanamke wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Mtu mwenye karatasi za uhamiaji zinazoshughulikiwa asicheze na jambo hilo. Kuponi halali zinapatikana kwenye programu ya duka, tovuti ya kiwanda, gazeti la Jumapili, na zile zilizobandikwa juu ya bidhaa yenyewe. Iliyobandikwa chupani ni ya atakayenunua chupa hiyo, usibandue ukaacha chupa.

MamaNeema

Ahsante shangazi, nimesikia. Swali la mwisho jamani: nepi. Kuponi ni nzuri lakini bei bado iko juu.

Karani_wa_Bei

Nepi zipigie hesabu kwa nepi moja, siyo kwa boksi. Gawa bei kwa idadi iliyoandikwa, na kumbuka saizi kubwa ina nepi chache kwa bei ileile. Angalia Dollar General siku ya Jumamosi: huwa wana kuponi ya simu ya dola 5 ukifikisha dola 25 kabla ya kodi. Chukua nepi na sabuni zifike 25 na kidogo. Usivuke sana, maana punguzo haliongezeki ukifika 40. Ongeza kuponi ya kiwanda kwa kila pakiti. Ukishalipa, piga picha ya risiti kwenye Ibotta na Fetch zote mbili (programu za simu zinazokurudishia kitu kwa risiti zako), kwa kuwa risiti moja inakubaliwa kote kuwili. Fetch wanataka risiti isiyozidi siku 14, na Ibotta hutoi hela mpaka ifike dola 20. Halafu linganisha jumla hiyo na nepi za chapa ya Aldi zisizo na kuponi yoyote. Zikiwa nafuu kwa nepi moja na mtoto hazimpi vipele, chukua hizo.