Tupeane uzoefu: Picha za zamani tulizoziona nusu

Deki ya Juu Kabatini
Wakuu, tupeane uzoefu wa picha za zamani, ila tusiishie kwenye "ile ilikuwa kali". Taja picha, taja na toleo. Naanza na Sholay, picha ya Kihindi ya 1975. Inayojulikana na wengi ni ya dakika 198: Thakur, polisi mstaafu asiye na mikono, anamkanyaga jambazi Gabbar Singh kwa viatu vya misumari, anakaribia kummaliza, polisi hao wanatokea. Mwongozaji Ramesh Sippy hakuupiga mwisho hivyo mwanzoni. Kwenye mwisho wake wa kwanza Thakur anamuua. Bodi ya udhibiti ya India ikagoma. Nchi ilikuwa kwenye hali ya hatari, na polisi mstaafu kujichukulia sheria mkononi halikuwa jambo la kuonyeshwa. Ikabidi warudi kupiga mwisho mwingine. Mwisho wa awali uko kwenye toleo la dakika 204. Ukitafuta, angalia dakika kwanza, jalada linadanganya.

Steringi Hafi
Mwisho wa polisi ndio mzuri. Thakur tangu mwanzo anamtaka Gabbar akiwa hai, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sheria. Kuua kunaharibu.

Mama Ntilie wa Kariakoo
Jina lako Steringi Hafi, na Jai wa Amitabh Bachchan je? Si alikufa pale darajani?

Steringi Hafi
Jai hakuwa steringi. Jina la Dharmendra ndilo linalotangulia kwenye maandishi ya mwanzo. Amitabh yuko nyuma hata ya Hema Malini.

Mama Ntilie wa Kariakoo
Haya. Kwa hiyo ile sarafu ya Jai yenye kichwa pande zote mbili ilikuwa ya mpita njia.

Kofia Pana
Waacheni Wahindi kidogo. The Good, the Bad and the Ugly, 1966, mwongozaji Sergio Leone. Pale Tuco amefungwa pingu na maiti ya askari, anailaza ng'ambo ya reli ili treni ikate mnyororo. Eli Wallach, aliyeigiza Tuco, alilala pale mwenyewe, hapakuwa na mtu wa kumbadili. Sasa tazama pembeni mwa mabehewa: kuna ngazi za chuma zimechomoza nje, zinapita juu ya kisogo chake moja baada ya nyingine. Hakuna aliyezifikiria kabla treni haijaanza kupita. Angeinua kichwa kuangalia kama treni imeisha, ngazi ingeondoka nacho. Rudisha nyuma uhesabu ngazi, utaacha kutafuna bisi.

Na lile daraja linalolipuliwa. Lilijengwa na wanajeshi wa Hispania, wakalitega baruti. Heshima ya kulipua akapewa kapteni wa jeshi, asubiri neno moja tu. Neno likatamkwa na mtu aliyekuwa akiongea na mwenzake, kapteni akasikia lake, akalipua. Kamera hazijawashwa. Jeshi likajenga daraja jingine, hilo ndilo tunaloliona likiruka.

Msikilizaji wa Kibanda Umiza
Hapo kwa daraja umenimaliza 😂

Deki ya Juu Kabatini
Nyongeza kwa Kofia Pana. Picha ile ni pana sana, 2.35 kwa 1. Ilipobanwa iingie kwenye TV ya kichogo ya 4 kwa 3, asilimia 43 ya upana ilikwenda na maji. Pale makaburini wanaume watatu wamesimama mbalimbali na ukubwa wa fremu ndio unaojenga hofu. Ukikata, unabaki na wawili, au mmoja na mchanga. Aliyeiona hivyo tu asiipe maksi bado.

Fundi Koili
Halafu midomo kutofuatana na maneno siyo ubovu wa nakala. Sauti ziliingizwa studio baadaye, na waigizaji walikuwa wakisema kila mmoja lugha yake. Msihangaike na kurekebisha sauti kwa rimoti.

Ngumi Mkononi
Picha za ngumi ndizo zilikuwa halisi. Drunken Master ya 1978, Jackie Chan, hakuna ujanja.

Fundi Koili
Ujanja upo. Unapiga fremu (picha moja moja) 22 au 20 kwa sekunde, unaonyesha kwa 24. Fremu 22 zinaongeza kasi kama asilimia 9. Usimtazame mpiganaji, tazama vumbi linavyotua na watu wanaopita nyuma. Vumbi likianguka haraka kuliko kawaida, kamera imesaidia.

Ngumi Mkononi
Kwa hiyo Jackie hajui kupigana?

Fundi Koili
Nani kasema hivyo? Kwenye Police Story ya 1985 aliteleza kwenye nguzo yenye taa, viganja vikaungua. Nguzo haina fremu 22.

Ngumi Mkononi
Basi sawa. Ila Game of Death hiyo siitetei. Bruce Lee alifariki Julai 1973, picha ikatoka 1978 na watu wa kumwigiza wamevaa miwani meusi. Kuna kipande uso wake ni picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Ruka mpaka kwenye mnara, yule ndiye yeye.

Mama Ntilie wa Kariakoo
MacGyver ya kwenye TV je? Nani anakumbuka lile bomu la dawa za usafi?

Kofia Pana
Usijaribu. Watayarishaji walikuwa wanaacha kitu kimoja makusudi ili watoto wasilipue nyumba.

Msikilizaji wa Kibanda Umiza
Wenye mikanda ya VHS bado, mnaihamishaje kwenda kompyuta?

Fundi Koili
Chungulia kwanza kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, ni ukungu, usiitie kwenye deki, utachafua hedi (kichwa kinachosoma utepe) na kuambukiza mikanda mingine. Ikiwa safi, peleka mbele mpaka mwisho na urudishe mara moja ndipo ucheze. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Rekodi kwa ukubwa wa nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde.

Steringi Hafi
Hedi mimi nafuta kwa pamba ya masikio na spiriti, inang'aa.

Fundi Koili
Pamba inaacha nyuzi, zinanasa na kung'oa hedi. Tumia ngozi laini, ishike imetulia, zungusha ngoma (silinda inayobeba hedi) kwa kidole. Usisugue juu-chini kamwe. Na hiyo spiriti yako ya dukani ina maji ndani. Inatakiwa ya asilimia 99, siyo 70.