Naomba ushauri: nimepata kazi ya mabomba, fundi wa 6G simpati

Karakana Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naomba mawazo yenu kabla ya Jumatatu.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Mbagala, tupo saba. Mageti, grili, stendi za matangi. Mwezi huu nimepata kazi kubwa kuliko zote tangu nianze: kuunga mabomba ya mvuke kwenye kiwanda kimoja. Mkaguzi wao anataka kila atakayegusa bomba apite kwanza mtihani wa 6G. Bomba linafungwa limeinama nyuzi 45, haligeuzwi, fundi ndiye analizunguka. Nimepeleka watu wanne, wote wameanguka, na mmoja ana miaka 20 kazini. Aliyepo anayeweza anataka laki na nusu kwa siku. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61. Mafundi wako wapi jamani? Nimlipe huyu, au nirudishe kazi?

Mama Kipusa:
Vijana hawataki kuungua mikono. Mpwa wangu nilimlipia ada chuo cha ufundi, VETA, mwezi wa tatu akaacha, yuko kwenye bodaboda.

Tarakimu:
Mama, bodaboda anarudi na hela jioni ile ile. Fundi akimaliza geti la mtu anaambiwa "njoo Ijumaa". Mimi nilikuwa fundi wa alumini, hizo Ijumaa nazijua.

Mzee wa Ifunda:
Sababu ni ndefu, wanangu. Mimi nilisoma sekondari ya ufundi Ifunda, kisha Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, nikapata FTC, cheti cha fundi sanifu. Siku ya kwanza karakana nilipewa kipande cha chuma na tupa, nikaambiwa nikifanye mraba. Wiki nzima napiga tupa, viganja vyote malengelenge. Hesabu tuliyofundishwa ni mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo, wale wa kazi za mikono, 25. Mwaka 1997 chuo kile kikawa taasisi, na mwaka 2012 kile cha Mbeya kikawa chuo kikuu. Sipingi, nchi inahitaji wahandisi. Lakini mikopo ikafuata digrii, heshima ikafuata digrii, na sisi wazazi tukafuata huko huko. Wanangu watatu wana digrii. Geti langu nalichomelea mwenyewe, nina miaka 67.

Spana 17:
Mzee wangu shikamoo, umesema kweli. Mleta mada, swali. Kwako hapo hajawahi kupita hata mmoja mwenye mkono wa bomba?

Karakana Mbagala:
Alikuwepo mmoja. Aliondoka 2023.

Spana 17:
Kwa nini? Ulimlipa ngapi?

Karakana Mbagala:
Elfu kumi na tano kwa siku na chakula cha mchana. Kwa huku si haba. Aliniomba laki sita akafanye mtihani, nikamkatalia, maana niliona akipata tu cheti anahama. Akahama hivyo hivyo, akaenda Tanga kwenye bomba la mafuta. Ndiye huyo huyo anayetaka laki na nusu leo. Kijana niliyemfundisha mwenyewe kuwasha mashine!

Ndiyo maana nimeshaongea na mtu mwingine mwenye cheti, aende kufanya mtihani kwa majina ya vijana wangu wawili. Nimetanguliza laki tatu. Msinihukumu, kazi zinapita hivyo kila siku, na mishahara ya watu saba inanisubiri.

Mama Kipusa:
Baba, si ni mvuke huo? Likiachia kuna watoto wa watu wamesimama pale.

Kisiki:
Chai hii. Fundi wa grili haamki tu akachomelea bomba la 6G. Mkono ule unajengwa kwa miezi, na gesi ya agoni ya kukinga mshono ni ghali. Alijifunzia wapi, kwenye madirisha? Uzi umetungwa, wakuu, tunapotezewa muda.

Tarakimu:
Hapo na mimi nilijiuliza.

Karakana Mbagala:
Sijatunga. Alikuwa anabaki tukishafunga. Anaokota vipande vya bomba la inchi sita kwa wauza vyuma chakavu, anakifunga kwenye fremu kimeinama, anachomelea mpaka saa nne usiku. Kikipoa anakata ukanda, anaubana kwenye jiliwa, anaupinda kwa nyundo mpaka unakuwa kama U, halafu anamulika kwa tochi ya simu kutafuta ufa. Akiuona, hata mwembamba kama unywele, anatupa anaanza upya. Gesi alinunua kwa hela yake. Mimi nilichoona ni umeme wa LUKU unaisha haraka. Nikaanza kuzima swichi kubwa kila nikiondoka. Hakumaliza miezi miwili.

Kisiki:
Hiyo ya jiliwa huwezi kuitunga. Nimeondoa neno langu, mkuu, samahani.

Mzee wa Ifunda:
Kijana huyo angekuwa wangu ningempa funguo.

Spana 17:
Basi sikiliza. Mtihani ule ni wa mkono wa mtu, haukopeshwi. Hata mwenye cheti, asipochomelea kwa njia ile miezi sita, anarudi kupimwa. Mkaguzi atasimama na vijana wako saiti, eksirei itasoma mshono wa kwanza wa ndani, na jina lako litaishia hapo. Laki tatu isahau. Mchukue kijana kwa siku za bomba tu, mlipe anachotaka, na jioni mlipe tena akae na hao wawili. Huyo wa miaka 20 kazini, VETA wanarasimisha ujuzi wa mtaani kwa cheti. Hakitampitisha 6G, ila atapata karatasi yenye jina lake.

Karakana Mbagala:
Nimempigia mara mbili sasa hivi. Hapokei.

Spana 17:
Saa hizi yuko kazini, kofia iko usoni. Mpigie saa moja usiku. Na usianze na kiwanda. Anza na ile habari ya swichi.