Wakuu naombeni ushauri: mpandaji wangu ananipa masharti, nimwache niajiri mpya?

MtuWaMatawi
Habari za muda huu wakuu. Nina kikosi kidogo cha kukata na kupogoa miti, huu mwaka wa sita. Tuko watatu tu: mpandaji, kijana wa mashine ya kusaga matawi, na mimi ninayetafuta kazi, kuongea na wateja na kusimamia. Sasa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, miti 14 kwenye uwanja mmoja. Mitano ni ya kushusha kipande kwa kipande kwa sababu chini kuna mapaa, iliyobaki ni kupogoa. Tunaanza Jumatatu.

Shida ni mpandaji. Ni mtu mzima, ana miaka 20 juu ya miti, na kazi hii yeye ndiye aliyenifundisha. Alikaa nyumbani miezi miwili, nimemwita arudi, ananipa masharti matatu utadhani bosi ni yeye. Upande wa pili nimepata kijana wa miaka 24 aliyekuwa akipanda minara ya simu. Haogopi kwenda juu hata kidogo, na anachodai ni nusu ya anachodai mzee. Nimchukue kijana au niendelee kumbembeleza mzee? Leo siku ya nne sijalala vizuri.

KisikiHai
Chukua kijana mkuu, usijiulize mara mbili. Mtu akishajua unamtegemea anakupanda kichwani. Mimi nilikuwa na dereva wa lori, kila mwisho wa mwezi ana jipya: mara kiti kinamuumiza, mara hataki safari za usiku. Nilimvumilia mwaka mzima. Siku nilipompa mwingine funguo nilipumua.

Mama Mchana
Masharti yenyewe ni yapi? Na alikaa nyumbani kwa nini? Mtu wa miaka 20 kazini hakai miezi miwili bure.

MtuWaMatawi
La kwanza, anataka siku zote chini pawe na mtu mwingine anayejua kupanda, mkanda wa kupandia kiunoni, tayari. Yaani nilipe wapandaji wawili, mmoja afanye kazi, mwingine amtazame. La pili, kila asubuhi kamba zote zikunjuliwe, zipitishwe mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo apande. Hapo saa nzima imekwenda na mteja anaangalia. La tatu ni mambo ya watu, si ya kazi, tuliache. Alikaa nyumbani kwa sababu ya mguu.

KambaMbili
Mkuu, mimi napanda miti kwa ajira, wacha nikueleze taratibu. Hilo sharti la kwanza si la mzee wako, ni la kazi yenyewe. Mpandaji akiumia juu hadondoki, anabaki amening'inia kwenye mkanda. Akizimia, damu inatuama miguuni na hali yake inaharibika kwa dakika, si kwa masaa. Gari la wagonjwa litakuja, lakini waliomo hawapandi miti. Wa kumshusha ni yule aliye chini mwenye mkanda na kamba, kama yupo. Na huyo si lazima asimame bure, anaweza kuongoza kamba na kuvuta matawi huku yuko tayari.

Kuhusu kijana wa minara: mnarani hushiki kitu kinachokata kamba yako. Mtini una chensoo, mnyororo unakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, na kamba iliyobeba uhai wako iko shibiri moja pembeni. Ndiyo maana ukiwasha msumeno unajifunga sehemu mbili, si moja. Tena mnara hauanguki kipande kipande huku umeukumbatia. Anaweza kujifunza, sikatai, ila aanze chini, apande miti ya kupogoa akiwa na mkubwa wake. Huwezi kumpeleka Jumatatu juu ya mapaa ya watu.

Daktari wa Majani
Mimi niulizie hiyo miti tisa ya kupogoa. Huyo kijana atapanda na nini? Kama ni vyuma vya miguuni vile vyenye ncha, tafadhali sana, hivyo ni vya mti unaoangushwa. Kwa mti unaobaki hai kila hatua ni jeraha. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti maelfu kwa msumeno kuona ndani kunatokea nini, na mwaka 1977 akiwa na mwenzake walieleza jinsi mti unavyojengea ukuta sehemu iliyooza. Kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi. Kinafungiwa ndani na kinabaki humo maisha yote. Na mkikata tawi nene, mkato wa kwanza uwe wa chini, wa pili wa juu mbele kidogo, tawi liondoke bila kuchuna gome. Kisiki kinachobaki mkate nje tu ya shingo ya tawi, yaani ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, msiulambe hadi shinani. Rangi msipake, haisaidii.

MtuWaMatawi
Vyuma nimeshanunua. Na kijana nimeshampa malipo ya awali, siyo kwamba nimeamua, nilitaka tu asichukuliwe na mtu mwingine. Jamani nimeuliza kuhusu kuajiri, si kuhusu kupogoa.

Mama Mchana
Kumbe umeshaajiri. Basi hukuja kuomba ushauri, umekuja tukwambie umefanya vizuri. Mguu wa mzee ulifanyaje?

MtuWaMatawi
Mama, si hivyo. Mguu uliumizwa na gogo. Tulikuwa tunashusha mti vipande, kibarua aliyeshika kamba ya kushushia vipande akazembea, kipande kikarudi shinani na kumbana mguu chini ya goti. Mfupa ulivunjika. Kibarua nilimfukuza siku ileile. Ndiyo maana nasema tatizo lilishaondoka, sioni kwa nini mzee anaendelea na masharti.

Ustaadhi wa Zamu
Ndugu yangu, mtu ameumia kwenye kazi yako, na ujumbe wako wa kwanza kwa watu ni kwamba anajifanya bosi. Mchuma janga hula na wa kwao. Ulikwenda kumtazama mara ngapi?

Kijiti
Mimi nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga matawi miaka minne. Wengi wanadhani hatari iko juu tu. Siku moja kitawi kidogo chenye uma kilinasa mkono wa glovu yangu, ile yenye mkono mrefu na mpana, rola zikaanza kunivuta pamoja na tawi. Mwenzangu aligonga ile nondo ya kuzimia nikiwa nimebakiza kama urefu wa koleo. Tangu hapo navaa glovu za kubana mkono, naingiza tawi upande wa shina kwanza, nasimama kando, na nikishaliona limeshikwa nageuka naondoka. Na kwa ule mlio husikii mtu akikuita hata awe hatua tano.

KisikiHai
Pole sana Kijiti. Hiyo mashine ungeipa ule mkono, mwezi ujao ingedai na mshahara wako.

JichoPembeni
Wakuu msipoteze muda, hii stori imetungwa. Nimesoma vizuri. Mwanzoni kasema wako watatu: mmoja juu, mmoja kwenye mashine, yeye anasimamia. Sasa huyu kibarua wa kamba katoka wapi? Kama ni yule wa mashine, Kijiti hapo juu keshatuambia, ukiwa mashineni husikii na huangalii nyuma. Mtu mmoja ana mikono minne?

Halafu pigeni hesabu. Gogo la kipenyo cha sentimita 40, urefu mita moja na nusu, mti mbichi, ni zaidi ya kilo 150. Likidondoka hata mita moja kabla kamba haijakaza, mvuto wake ni mara kadhaa ya huo uzito. Hakuna kibarua wa kulishika hilo kwa mikono. Huyu hajawahi kusimama chini ya mti.

Kijiti
Hata mimi hapo kwenye mashine nilisita. Sikutaka kusema.

KambaMbili
Kushika inawezekana, ila si kwa nguvu za mikono. Kamba inazungushwa shinani mara mbili au tatu, msuguano ndio unaobeba, wewe unaiachia itambae polepole hadi gogo lisimame lenyewe. Ukiikaza ghafla gogo linarudi shinani kama nyundo, na miguu ya mpandaji iko hapohapo. Kwa hiyo jeraha alilolieleza ni la kweli kabisa, watu wasio na kazi hii hawalijui. Lakini swali la JichoPembeni ni zuri. MtuWaMatawi, kamba alikuwa nayo nani?

Ustaadhi wa Zamu
Kimya sasa.

JichoPembeni
Ameingia mitini. Niliwaambia.

MtuWaMatawi
Sijakimbia. Nimekaa na simu mkononi tangu jana jioni naandika nafuta.

Kamba nilikuwa nayo mimi. Kijana alikuwa kwenye mashine upande wa barabara, mgongo ametupa sisi. Mzee alinipigia kelele kutoka juu, "Zungusha tatu!" Nilizungusha moja, kwa sababu vipande vilivyotangulia vilikuwa vidogo na moja ilitosha. Akauliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Wakati msumeno unaingia simu ikaita, nikatoa mkono wa kulia kuangalia ni nani. Alikuwa huyuhuyu mwenye miti 14.

Kamba ilinikimbia kwenye mkono wa kushoto, nikaikamata kwa yote miwili na kuikaza kwa woga. KambaMbili umeeleza kilichofuata, sirudii. Glovu ya kushoto ilitoboka katikati ya kiganja, ngozi ikatoka na uzi wa glovu. Mzee hakupiga kelele. Alizima msumeno kwanza, akauning'iniza kwenye mkanda, ndipo akashika paja. Hapakuwa na wa kumpandia. Alishuka mwenyewe mita 11, mguu mmoja unasukuma shina, mwingine umelegea, kila akifika kwenye kisiki cha tawi anasimama na kupumzika. Mimi nilikuwa chini nasema "polepole mzee wangu", sina kingine cha kusema.

Kijana alipozima mashine na kuja mbio, mteja wa siku ile akauliza nani alikuwa na kamba. Nikamnyooshea kijana kidole.

Mama Mchana
Mwanangu. Na kijana alisema nini?

MtuWaMatawi
Hakusema. Alinitazama, akavua helmeti akaiweka juu ya rundo la matawi, akaondoka. Ana miaka 19.

KambaMbili
Mzee aliona. Ukiwa juu unaona kila kitu, nani yuko kwenye kamba ndilo la kwanza unaloangalia kabla ya kukata. Sharti la tatu ni kijana arudishwe, sivyo?

MtuWaMatawi
Ndiyo. Na aambiwe mbele ya wote kwamba hakuwa yeye.

JichoPembeni
Nafuta niliyosema kwamba umetunga. Pole.

KisikiHai
Na mimi ule ushauri wangu wa mwanzo usiufuate. Mwambie mteja asogeze tarehe. Miti imesimama miaka mingi, wiki mbili haziikimbizi.

KambaMbili
Yule wa minara usimfukuze naye, hana kosa. Mkanda anaujua, kuokoa mtu kwenye mnara kama alifunzwa vizuri anakujua pia. Aanze kama mtu wa chini wa mzee, mkanda kiunoni. Hapo sharti la kwanza unalitimiza kwa mtu uliyekwisha kumlipa. Vyuma virudishe stoo hadi kwenye ile mitano. Na mkuu, wewe kamba usiishike tena kwa sasa.

MtuWaMatawi
Nimempigia mteja, amekubali kusogeza siku tisa, hakufurahi. Kijana nimempigia mara tatu hapokei. Nimemwandikia kwamba kamba nilikuwa nayo mimi na kwamba nitalisema hilo mbele ya mzee na mbele ya yule mteja wa siku ile. Ujumbe umefika, bado hajausoma. Helmeti yake iko hapa ofisini, ina jina lake kwa ndani kwa kalamu ya wino. Jioni nampelekea kwao.