Nichagueje meza nzuri ya mubashara katika kasino za mtandaoni?

Karani wa Kilindini:

Assalamu alaikum, na wasiokuwa wa salamu hiyo hamjambo. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na tangu mwaka jana nimekuwa nikicheza ruleti (ule mchezo wa gurudumu na mpira) na bakara (ya karata) kwa simu, zile ambazo mgawa karata ni mtu halisi aliyesimama mbele ya kamera, wala si picha iliyochorwa na kompyuta. Nimejiwekea shilingi 1,000 kwa wiki, ambazo zikienda sizifuati. Mke wangu anajua, kwa hivyo hilo msinishauri.

Taabu yangu ni kuchagua. Programu ninayoitumia ina meza zaidi ya hamsini: nyingine zina radi zinazopiga nambari na kuahidi malipo ya hadi mara 500, nyingine zina gurudumu kubwa la rangirangi na mtangazaji anayepaza sauti kama mnadi wa Marikiti, na nyingine ni kitambaa cha kijani tu na msichana mkimya. Mimi hukaa kwa huyo mkimya kwa sababu hanipigii kelele. Lakini juzi usiku, nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, niliweka shilingi 200 kwenye nyekundu, picha ikaganda mpira ukiwa bado unazunguka, na iliporudi nikakuta salio limepungua na raundi nyingine imekwisha kuanza. Niliwaandikia wahudumu wa wateja, nao wakanijibu mara tatu kwa maneno yaleyale.

Naomba mnieleze: mtu mwenye pesa ndogo kama mimi atazame nini kabla ya kukaa mezani? Na kuna rafiki yangu anayenishawishi nizidishe dau mara mbili kila ninaposhindwa, akidai kwamba njia hiyo haina hasara. Je, ni kweli?

Mgawaji Mstaafu:

Wa alaikum salaam, Karani. Niligawa karata na kuzungusha mpira kwa miaka saba katika kasino moja ya hapa pwani, mpaka magoti yalipoanza kunidai, kwa hivyo nitakujibu kama mtu aliyesimama upande wa pili wa meza.

Kwanza elewa kwamba yule msichana hana la kukufanyia, jema wala baya, na kwamba meza anayoisimamia si ya programu yako. Meza nyingi za namna hiyo hurushwa na kampuni chache zenye studio zao. Evolution, kwa mfano, ina studio kubwa Riga nchini Latvia. Kamera husoma kila karata inapotolewa, kompyuta hugeuza picha hiyo kuwa hesabu, na wenye programu huku kwetu huwa wamekodi tu mlango wa kuingilia. Ndiyo maana utaikuta meza ileile, na msichana yuleyule, katika programu tatu tofauti. Kuchagua programu ni swali la nani atakulipa pesa zako ukizitaka, na kuchagua meza ni swali la kanuni za mchezo. Ukiyachanganya hayo mawili utapotea.

Kwenye ruleti, hesabu sufuri. Gurudumu la Ulaya lina vishimo 37, yaani nambari 1 hadi 36 na sufuri moja, na kwa kuwa nambari moja hulipwa mara 35, faida ya kasino ni asilimia 2.70 ya kila dau. Gurudumu la Kimarekani lina sufuri mbili, vishimo 38, na faida hiyo hupanda hadi asilimia 5.26 bila malipo kuongezwa hata senti. Ipo pia ruleti ya Kifaransa ambayo, mpira ukiangukia sufuri, hukurudishia nusu ya dau lako la nyekundu au nyeusi, na hapo faida ya kasino hushuka hadi asilimia 1.35 kwa madau hayo. Wachezaji wengi niliowahudumia walikaa mezani saa nzima bila kutazama kama kulikuwa na sufuri moja au mbili, na wengine walinihonga sigara ili mpira uwaendee vizuri.

Zile radi nazo hazitoki mbinguni. Katika Lightning Roulette, nambari ambayo haikupigwa na radi hulipwa mara 29 badala ya 35, na hizo sita zilizokatwa ndizo zinazolipia radi za wachache. Wewe unayeweka nyekundu, malipo yako ni yaleyale ya kawaida, kwa hivyo radi hazikuhusu ndewe wala sikio.

Kwenye bakara unabashiri ni upande upi wa karata utashinda, benki au mchezaji: dau la upande wa benki lina faida ya kasino ya asilimia 1.06 hata baada ya kukatwa ile kamisheni ya asilimia 5, upande wa mchezaji ni asilimia 1.24, na dau la sare linalolipwa mara 8 linapita asilimia 14. Usiliguse hilo la sare. Blakijeki, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuipita, ni bora kuliko zote kwa mtu aliyejifunza wakati wa kuomba karata na wakati wa kukaa, kwani faida ya kasino inaweza kushuka hadi karibu nusu asilimia. Lakini soma kwanza malipo ya ree ikiandamana na kumi. Meza nzuri hulipa tatu kwa mbili, yaani dau la shilingi 100 linakupa 150, na meza mbaya hulipa sita kwa tano, yaani 120. Kanuni hizo zimeandikwa ndani ya kila meza, mahali penye alama ya kuuliza, na kusoma kwake hakukuchukui muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa chungu.

Hesabu za Tudor:

Namshukuru mzee kwa maelezo yake, ila asilimia peke yake hazitoshi, kwa sababu mfuko hauliwi na asilimia bali na asilimia ikizidishwa kwa kasi. Tuseme unaweka shilingi 50 kwa kila mzunguko kwenye gurudumu la sufuri moja, na meza inazungusha mara moja kwa dakika. Kwa saa moja umeweka jumla ya shilingi 3,000, na hasara unayoitarajia ni shilingi 81. Kwenye meza ya kasi inayozungusha mara mbili kwa dakika, hasara hiyo ni 162, ingawa kanuni ni zilezile. Chagua meza ya polepole. Mgawaji anayepiga soga na wachezaji anakuokolea pesa bila kujua.

Halafu kuna kodi, ambayo haionekani mezani. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 hukatwa pesa zinapoingia kwenye akaunti yako ya kamari, na kodi nyingine ya asilimia 5 hukatwa unapozitoa. Ukiingiza 1,000 unabaki na 950, na ukizitoa zote bila kucheza hata raundi moja unapokea 902.50. Shilingi 97.50 zimekwenda kabla ya gurudumu kuzunguka! Kwa hivyo usiwe mtu wa kuingiza mia mbili asubuhi, kuzitoa mchana na kuzirudisha jioni, maana kila safari inalipiwa nauli.

Kuhusu rafiki yako, mpe karatasi aandike. Ukianza na 50 na kuzidisha, utaweka 50, 100, 200 na 400, ambazo jumla yake ni 750. Dau la tano ni 800, nawe katika zile 950 umebakiwa na 200. Uwezekano wa kushindwa mara nne mfululizo kwenye nyekundu, kwa gurudumu la sufuri moja, ni karibu asilimia 7, yaani takriban mara moja katika kila majaribio 14. Na kila jaribio linalofaulu linakupa shilingi 50 tu. Anayekwambia kwamba njia hiyo haina hasara hajawahi kufika dau la tano.

Bint Kuze:

Mimi nina kibanda cha M-Pesa Mwembe Tayari, na sichezi. Wiki iliyopita kijana mmoja aliweka shilingi 500 kwenye simu yake saa moja usiku, akarudi baada ya dakika ishirini na 500 nyingine, kisha akaja na noti ya elfu iliyokunjwa mara nne, na hakuinua macho kunitazama. Kaka Karani, hiyo elfu yako ya wiki usiiachie moyo uilinde. Programu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha pesa zinazoingia. Kiweke leo ukiwa umetulia. Na siku utakapojikuta unamficha mkeo, rudi hapa utuambie, maana hapo ushauri utakuwa mwingine.

Mwana wa Makadara:

Nitasema juu ya programu yenyewe, kwa kuwa wenzangu wamemaliza habari za meza. Tafuta leseni ya Kenya. Miaka mingi mambo haya yamesimamiwa na bodi ya leseni za kamari, BCLB, chini ya sheria ya mwaka 1966, na sheria mpya ya kudhibiti kamari ya mwaka 2025 imeleta mamlaka mpya ya usimamizi. Leseni ya Malta au ya Curaçao iliyobandikwa chini ya ukurasa si uongo kwa lazima, lakini haimpi mwenye kasino ruhusa ya kuendesha biashara yake Kenya, na ukidhulumiwa utaandika barua mpaka wino ukauke. Ukishapata programu yenye leseni, ingiza kiasi kidogo kisha utoe sehemu yake, uone kama pesa zinakuja kwenye M-Pesa au unaanza kuulizwa nyaraka usizoulizwa ulipokuwa ukiziingiza. Utakatwa ile kodi, ndiyo, lakini hiyo ni gharama ndogo ya kumjua unayeshughulika naye.

Bonasi iache. Ukipewa 1,000 kwa sharti la kuizungusha mara 30, unatakiwa kuweka madau ya 30,000. Na kwa kuwa kasino nyingi huhesabu asilimia 10 tu ya dau la meza za mubashara, hizo 30,000 zinageuka kuwa 300,000.

Kuhusu picha kuganda: dau likishakubaliwa kabla ya muda kufungwa, raundi huendelea studio hata kama simu yako imezima kabisa. Fungua historia ya michezo, tafuta raundi ya saa ile, na unakili nambari yake. Ukiwaandikia bila nambari ya raundi, wanakujibu kwa barua waliyokwisha kuiandaa.

Karani wa Kilindini:

Nawashukuru sana, na nina mawili ya kukiri. Nimeifungua historia kama alivyoelekeza Mwana wa Makadara na nimeikuta raundi yangu ya Likoni: mpira uliangukia 26 nyeusi, kwa hivyo nilishindwa kihalali na wahudumu wale niliwalaumu bure, ingawa wangeweza kuniambia hivyo tangu jibu la kwanza. La pili linaniuma zaidi. Ile meza ya msichana mkimya, ambayo nimekaa karibu miezi minane, ina sufuri mbili. Zimeandikwa kwa kijani juu kabisa ya meza, nami sikuwahi kuzitazama.

Nimekwisha kuweka kikomo, dada Bint Kuze. Sasa nimeona meza mbili: ya Kifaransa inayorudisha nusu, ambayo dau la chini kabisa ni shilingi 100, na ya kawaida ya sufuri moja ambayo dau lake ni 20. Nadhani ya Kifaransa ndiyo bora, au sivyo?

Hesabu za Tudor:

Sivyo, kwa mfuko wako. Asilimia 1.35 ya shilingi 100 ni shilingi moja na senti 35 kwa kila mzunguko, na asilimia 2.70 ya shilingi 20 ni senti 54. Meza yenye kanuni bora ingekula pesa zako mara mbili na nusu ya zile zinazoliwa na ile ya 20, na ile 950 isingetosha hata raundi kumi ukianza vibaya. Kaa kwenye ya 20, na usipandishe dau kwa sababu tu limeonekana dogo.

Mgawaji Mstaafu:

Na ukikaa, tazama vishimo kwanza, ndipo umtazame msichana.